Makofi ya Kuazima

Wanaoijua santuri hii huniuliza kuhusu radi.
Upande wa kwanza, wimbo wa tatu,
pale ngoma zinapotulia na kitu kizito
kinapita juu ya vichwa, toka kulia kwenda kushoto.
Mhakiki mmoja wa Chicago aliijazia ukurasa mzima:
ghadhabu ya walalahoi, alisema.
Ilikuwa bolingi.

Tulikuwa chini ya ukumbi wa bolingi, Cleveland,
Februari ya sabini na tisa, Alhamisi,
usiku wa ligi ya mafundi bomba,
na kila tufe walilolisukuma huko juu
lilishuka kwenye maikrofoni zangu kama deni.

Maikrofoni nne. Moja niliifunga kwa plasta
kwenye bomba la mvuke lililotema bila kupasha joto;
nyingine mke wangu aliiazima kanisani kwa Wahungari,
irudi kabla ya Jumapili.
Nje theluji ilifika kwenye vitasa vya magari.
Walikuja watu thelathini na saba.
Niliwahesabu mara mbili, sikuwa na la kufanya
mpaka Lonnie Szabo amalize kutapika.

Kisha Dewey akagonga vijiti, moja-mbili-tatu-nne,
na nne haijafika wenzake wamekwisha kuondoka.
Nyimbo kumi na tisa, dakika thelathini na moja,
zilipita kama watu wanaokimbia nyumba inayoungua,
kila mmoja na kiti chake kichwani.

Kwenye wa sita uzi wa gitaa ulikatika.
Hawakusimama. Zilizobaki zilipigwa kwa nyuzi tano, halafu nne,
na damu ilitoka, ingawa si nyingi kama wanavyosimulia siku hizi.
Lonnie alibweka kuhusu tanuru la chuma,
barua ya kuachishwa kazi, jino la baba yake,
na mstari mmoja wa mapenzi alioutupa upesi
kama mwanafunzi anayeficha sigara mwalimu akipita.

Kila wimbo ulipoisha, kimya.
Si kimya cha chuki.
Walipiga makofi, masikini,
lakini walikuwa wamevaa glavu za sufi.

Kampuni ikapiga simu kutoka New York:
Hili kaburi umelirekodi wapi? Tia watu.

Nikatia watu.
Nilikuwa na tepu ya mieleka ya Toledo,
elfu nane wakimshangilia jitu moja
lililovaa ngozi ya chui.
Nikawakata kwa wembe, nikawabandika wimbo kwa wimbo,
usiku kucha, chai ikipoa.
Mgema akisifiwa, wanasema, tembo hulitia maji.
Hawa hakuna aliyewasifu. Tembo lao lilikuwa kali.
Maji niliyatia mimi.

Leo vijana wanainunua kwa bei ya baiskeli nzuri,
wanafumba macho, wanasema laiti tungekuwepo.
Na waliokuwepo wanazaliwa kila mwaka:
mimi peke yangu nimekutana na kama mia mbili,
sibishani nao, nawaambia ndiyo, nakukumbuka,
ulisimama pale karibu na nguzo.
Hapakuwa na nguzo.
Dewey amekufa. Lonnie anauza matairi Akron
na hataki kuulizwa.

Lakini upande wa pili, baada ya wimbo wa mwisho,
Toledo iliniishia.
Sekunde nne, sikupata cha kuzibandikia.
Hapo zima friji, sogeza sikio spika ya kushoto:
yupo mtu mmoja anapiga makofi
kwa mikono mitupu, iliyolowa.
Ni Marlene Hruska wa kaunta,
aliyekuwa akiosha bilauri tangu saa mbili
na hakuwahi hata mara moja kuinua uso.
Pa. Pa. Kimya. Pa.

Au alikuwa anakung'uta maji tu.
Sikumuuliza.