Makonyo

Nina funguo mbili.
Wa mlango umepinda, hutaka kubembelezwa;
wa pili ni wa kabati la chuma alilotuachia mhasibu
alipohamia Wete na kiti chake.
Humo vishikwambi kumi na viwili vimepangwa ubavu ubavu
kama vikombe vya wageni,
vile ambavyo mama hakuvitoa mpaka Idi.

Hapa Konde sitaki kungoja Idi. Nataka vichafuke.

Mkaguzi alipouliza, "Vinatumika?"
nilimfungulia daftari la kuazima,
la mistari, lililovishwa gazeti, nikamwacha asome:
Namba nne, Shaame Faki, kimetoka saa mbili, kimerudi saa nne, kioo kizima.
Namba saba, Mkasi Kombo, kimerudi na mafuta ya kitumbua. Kaonywa.
Namba tisa hakiwaki. Kisiazimwe.
Namba tisa kimewaka. Kiazimwe.

Mtandao kwetu ni mkwe: huja kwa taarifa, hakai.
Kwa hivyo masomo yote yamo katika kisanduku cheusi
kisichozidi kipande cha sabuni,
kinakula jua kupitia waya unaoshuka darini,
kati ya rafu ya Historia na ndoo ya kukingia mvua.
Watoto wamekiita Mwalimu Kimya.
Hakina fimbo, wanasema, na hakichoki kurudia.
Mimi nimerudia mara ngapi, sikuwaambia.

Ulipofika msimu, madawati yakapungua watu.
Mkasi alirudi siku ya tisa,
akavuta kiti, akaweka kidole juu ya kioo.
Kioo hakikumjua.
Akagusa tena.
Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, ngumu, zina utomvu wa karafuu,
na mashine iliyofunzwa kutambua ngozi
haikuiona hii kuwa ngozi.
Nikamkatia ndimu. Akasugua, akajifuta kwa pindo la mtandio,
akaandika neno moja: makonyo.

Hakuna matokeo, kikasema.
Je, ulikusudia: makonde?

Alinigeukia taratibu.
"Mwalimu, hiki kinajua volkano za Aislandi
na hakijui kilichoninunulia viatu?"

Nilikwenda rafuni, nikijidai najua niendako.
Kitabu cha kilimo kipo, ila mchwa walianza na faharasa,
na walipofika M walikuwa bado wana njaa.

"Basi andika wewe," nikasema,
kwa sauti ya mtu asiye na jibu jingine.

Akaandika, akafuta, akaandika:
Makonyo ni vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa.
Huanikwa jamvi lake. Bei yake ndogo.
Shaame akadakia: si vijiti, ni vikonyo, tena sema vinanukia.
Wakabishana hadi wa Kidato cha Nne wakaacha fizikia yao
wakaja kuwasahihisha, nao wakakosea.
Kila mmoja alikuwa na bibi wa kumtaja kama ushahidi.

Wingu likatanda, kisanduku kikazima,
sentensi ikaganda nusu kwenye kioo.
Hakuna aliyenyanyuka.
Mkasi akavuta kilichokuwa karibu, daftari langu la kuazima,
akamalizia humo kwa kalamu yangu nyekundu:
Kwetu, pesa ya makonyo ni ya watoto.
Akavuka safu ya jina, ya namba, ya saa ya kutoka,
mpaka ile ya mwisho, Tarehe ya Kurudisha,
ambamo neno "watoto" lilienea vizuri.

Ningemgombeza. Daftari ni mali ya serikali.
Nikapiga mstari chini yake, nikaendelea na kazi:
Namba tisa hakiwaki.