Mafundi Wawili wa Nabuyonga

Maji yakiteremka Wanale bado yana baridi ya mwamba.
Yakifika kwangu, chini ya daraja la Namakwekwe,
yamekwisha kuosha pikipiki tisa,
yamekunywa sabuni, oili chafu, damu ya machinjio,
na rangi yake hutegemea siku:
Jumatatu chai ya maziwa, Ijumaa chai kavu.

Miaka kumi na tisa mimi na cherehani yangu ukingoni.
Vipande hunidondoka, upepo huvizoa,
na ndege yule wa hudhurungi, kichwa kama nyundo,
huja kwa hatua za mkaguzi wa kodi,
huinua kimoja, hukipima, hukikataa,
huchukua kingine.
Fundichuma, ndivyo aitwavyo.
Sijamwona akifua chuma.
Huyu mwenzangu anashona.

Nilipohamia hapa palikuwa na kaa.
Wepukhulu wa redio huapa kwamba utotoni
aliona fisi maji akigeuzageuza jiwe
kama anayehesabu pesa. Sikumbishia.
Kaa nilimwona mwenyewe, wa mwisho,
ndani ya debe la Nagudi, anakwaruza bati,
wala hajui kwamba ni wa mwisho.
Mafunjo yalifyekwa, pakaota magimbi.
Magimbi yakazolewa na mafuriko, pakaota majani
ambayo hata mbuzi huyanusa akageuza uso.
Mdiria alihama bila kuaga.
Wakaja kongoti na vipara vyao,
wakapanga foleni nyuma ya machinjio
kwa adabu kutushinda sisi kule zahanati.
Kenge amenenepa.
Kambare yupo; kambare atatuzika sote.
Na vyura? Zamani usiku walikuwa sauti nne,
niliweza kuzitenga kama nyuzi.
Imebaki moja, ya kukereza,
nayo inafanya kazi ya nne.

Mwezi wa tano manispaa ilileta msumeno.
Mkuyu unaziba maji, walisema,
mfereji utakuwa wa saruji.
Ulikataa kuanguka mpaka alasiri.
Kiota kikaja nao, kikubwa kuliko kibanda cha mbwa,
kikapasuka,
na mtaa mzima ukaja kujitambua.
Ndala yangu! Chandarua changu!
Khaitsa akavuta rasta za bandia, za zambarau,
alizosukia harusi ya dada yake.
Wepukhulu akapata waya,
akaunusa, akautia mfukoni.
Kaveera, tabaka juu ya tabaka, kama kurasa.
Nami, magoti topeni, nikafukua hadi ndani kabisa,
kwenye chumba cha mayai, kilichopigwa lipu laini:
pindo la gomesi la mama mkwe,
utepe mwekundu wa mwaka ule wa tohara
vijana walipocheza hadi daraja likatetemeka,
na kipande cha buluu, sare ya Musamali,
aliyenizidi kimo kabla sijamaliza kuikunja.
Yuko Juba sasa, anajenga hoteli.
Nilikivuta. Hakikutoka.
Mshono wangu ungekuwa umefumuka zamani.

Nikamuuliza mhandisi:
kwenye saruji, kaa akirudi atashika wapi?
Akanitazama
kama mtu aliyeulizwa bei ya kivuli.

Wiki mbili baadaye wameuzungushia mtaro
utepe wa tahadhari, mwekundu kwa mweupe.
Leo asubuhi nusu yake haipo.
Mhandisi anatafuta mwizi, anauliza mlango kwa mlango.
Nimeinua macho kidogo tu:
juu ya nguzo ya umeme, kando ya transfoma,
ndege wawili, matope mdomoni,
na kitu chekundu kwa cheupe kinapepea
kama mkia wa tiara.

Nimeinamisha kichwa, nikatia uzi tunduni.
Sijaona kitu, bwana.
Jioni, kabla ya kufunika cherehani,
nimeacha vipande vitatu ukingoni,
vya pamba, si vya nailoni.