Machujio Mawili, Calama

Don Eleuterio anayaweka yote mawili juu ya kaunta,
anafuta kioo kwa mkono wa shati, kisha ananyamaza
kama mtu aliyeuza spea miaka arobaini
akajua kwamba mteja hujiuzia mwenyewe.

La kwanza ni la karatasi: jeupe, mikunjo imenyooka
kama sketi ya shule iliyopigwa pasi jana usiku.
Peso elfu tisa. Unalitia, linajaa, unalitupa.
La pili ni la pamba nyekundu iliyolowa mafuta,
imebanwa katikati ya nyavu mbili za waya.
Peso elfu sitini na mbili, pamoja na sabuni na kichupa chake.
"Hili," anasema, "litakuzika."

Nje, upepo wa saa nane umeshaingia kazini.
Pikapu ya baba imeegeshwa ikitazama machimbo,
kioo chake cha mbele kimekwisha kujipaka poda.
Huku kwetu mvua ni habari ya gazetini.
Huku vumbi hulikuta hata ndani ya yai.

Napiga hesabu nyuma ya risiti ya mkate:
karatasi nne kwa mwaka; kabla ya mwaka wa pili kwisha
pamba imeshajilipia deni lake.
Hesabu iko upande wa pamba.
Lakini hesabu haifui.
Kufua ni lita tatu, na bomba letu hukauka siku mbili kwa wiki.
Ni kutwa nzima ya kuanika kivulini.
Kisha mafuta, tone kwa tone, mkunjo kwa mkunjo:
yakizidi, yanakwenda kuichafua sensa;
yakipungua, mchanga unapita bila hodi.

Baba alilifua lake kila Jumapili ya kwanza ya mwezi,
amepiga magoti mbele ya beseni la bluu,
redio ikimsomea matokeo ya mpira.
Injini, alikuwa akisema, haiishi kwa petroli tu.
Kwa kila lita inameza chumba kizima cha hewa.
Mchunge kinywani, Yermina, tumbo litajichunga.

Na yeye Nolberto Ayavire, miaka ishirini na sita chini ya ardhi,
walimpa barakoa za karatasi, moja kwa zamu,
na zilipokwisha stoo
alijifunga kitambaa cha mama, kilichofuliwa, kikafuliwa,
hata maua yake yakasahau rangi.
Kwa hiyo alizijaribu zote mbili,
ya kutupa na ya kufua.
Daktari wa Antofagasta aliibandika picha kwenye taa:
punje nyeupe, pande zote mbili.
Hakuna kaunta ya hayo.

Don Eleuterio anakohoa kwa adabu.
"Lipi linazuia vumbi laini zaidi?" nauliza.
Anatazama barabarani. Anashusha sauti,
utadhani lile jekundu lina masikio.
"La karatasi, binti wa Ayavire.
La pamba linapumua vizuri
kwa sababu linaruhusu."

Nikahesabu elfu tisa.

Nyumbani, baba analigeuzageuza mkononi,
anatabasamu upande mmoja wa mdomo.
"Umeninunulia takataka ya Septemba," anasema,
na hata hivyo analitia mahali pake,
anapitisha kidole ukingoni, pembe zote nne,
asione pengo.

Kisha analishusha la zamani kutoka msumarini.
Hajaambiwa. Hakuna gari linalolisubiri.
Analigonga mara mbili kwenye kiganja,
analileta mdomoni, anavuta pumzi,
na pumzi inaishia njiani.

Tunangoja kifua kitulie.
Mbwa wa jirani naye anangoja.

"Puliza wewe," ananipa.
"Kutoka ndani kwenda nje.
Usianzie nje kamwe."

Napuliza.
Linatoka wekundu hafifu, linaning'inia juani,
na baba, kwa mazoea, anageuza uso.