Daftari la Cartagena

Ukurasa wa kwanza: Nauli.
Milioni tano na laki nane, nafsi moja,
Unguja, Addis, São Paulo, Bogotá, ndipo Cartagena.
Nimeandika kwa penseli ya useremala, ile bapa,
maana bei za ndege ni kama mbao mbichi:
uzipime asubuhi, jioni zimeshapinda.

Chanzo ni Khelef, mtoto wa dada yangu, baharia wa meli za makontena.
Walitia nanga siku mbili, akashuka na simu yake,
akaniletea roshani.
Picha thelathini na moja za roshani,
hakuna hata moja yenye mtu.
Anajua mjomba wake hutazama nini.

Mimi fundi wa Kiponda,
mwaka wa ishirini na sita huu natoa mchwa kwenye roshani za watu.
Nikaikuza picha kwa vidole viwili
mpaka nikaona kiungo:
ulimi na tundu, hakuna msumari.
Nikauliza peke yangu karakanani, Huyu nani?

Malazi: usiku saba, laki moja kila mmoja.
Si ndani ya ukuta wa mji. Ndani ni bei ya wageni,
na mimi, hebu fikiri, huko ndiye mgeni.
Chakula: elfu arubaini kwa siku.
Khelef kasema wanapika wali wa nazi,
na samaki wa kukaanga juu yake.
Nikapunguza, ikawa thelathini.
Ile kumi ilikuwa ya khofu.

Viza: kwenda Nairobi na kurudi, pengine mara mbili,
ofisi ni ofisi.
Koti la baridi ya Bogotá: mtumba, Darajani.
Zawadi ya fundi nitakayemkuta: patasi moja. Ninayo.

Kuna uwanja huko, kasema Khelef,
siku hizi chini ya matao yake wanauza vitamutamu vya nazi,
zamani wakiuza watu.
Sisi wa hapa hatuhitaji kufafanuliwa uwanja kama huo.
Nikaandika: Uwanjani. Nikapiga mstari,
nikashindwa kuweka tarakimu.

Haba na haba hujaza kibaba, wamesema.
Hawakusema kibaba kikijaa
nani atakuja na kikombe kuazima.
Rajabu paa likavuja, laki tatu.
Mfungo mosi shemeji akaoa.
Kisha ada ya skuli, kisha jino.
Kibubu nimekiunda mwenyewe, cha mninga,
hakina mfuniko, hakifunguki ila kwa shoka.
Lakini aliyekiunda ndiye ajuaye
ubao upi hakuutia gundi.

Jana nimelikuta daftari wazi mezani.
Shinuna aliwahi kushika hesabu za duka la ushirika,
hupitia karatasi kama anachagua mchele.
Hakuniambia neno.
Kwa wino, si kwa penseli,
kila palipo na moja kaandika mbili.
Nauli, mbili. Viza, mbili. Koti, mbili.
Chumba kakiacha kimoja.
Chakula kakirudisha elfu arubaini, kila mtu.
Kajumlisha chini kabisa, mkono haukutetemeka:
milioni kumi na nne na laki moja.
Tarehe kaisogeza mbele miaka mitatu.

Nilikaa kitako.
Mwaka mzima nimepiga hesabu ya mji wa watu,
ukuta wake, mageti yake, upana wa vichochoro vyake,
na mtu anayelala ubavuni pangu
sikumwandika hata pembeni.

Na kule Uwanjani, juu ya mstari mtupu,
hakutia tarakimu yeye pia. Kaandika:
hapa tutasimama kidogo.

Nikateremka karakanani usiku huohuo,
nikachemsha gundi,
nikaubana ule ubao.