Fomu si Uradi

Fomu ilikuwa na mistari mitatu,
na kalamu moja kwa watu watano.
Tuliandika kwa zamu, juu ya magoti,
jasho likidondokea majina ya vikosi.

Mimi: Vifaru. Vifaru. Vifaru.
Sajini Makki akaisoma, akaikunja mara mbili.
"Kadeti, hii ni fomu, si uradi."
Nikapewa nyingine.
Vifaru. Mizinga. Askari wa miguu.
Ule wa tatu niliuandika kwa herufi ndogo
kama mtu anayemtaja mkwe asiyempenda.

Miezi kumi na moja Nizwa ilitupika.
Kabla ya adhana buti zinasaga changarawe,
majabali yametukalia kimya, yana rangi ya chuma,
na sisi chini yao tunabeba magunia ya mchanga
kutoka mchangani, kupeleka mchangani.
Ukilalamika kiu, Sajini Makki
anamwaga kikombe chake chini, taratibu:
"Nayo ilikuwa na kiu. Umeisikia ikisema?"

Yaarub wa Bahla alitushonea vifungo usiku.
Mundhir wa Sinaw aliota kwa sauti,
kushoto, kulia, kushoto,
mpaka kitanda chake kikasogea hadi mlangoni.
Tulikuwa watatu wa nyumba za Kiswahili.
Tuligombana kwa Kiswahili kwenye mabafu,
tukapatana kwa Kiarabu kwenye gwaride.

Alhamisi karatasi ikabandikwa,
gundi bado mbichi, pembe moja imejikunja.
Walizingatia shabaha, ramani, mbio, hesabu.
Hesabu ndiyo iliyoniponza.
Tisini na saba kwa mia, na pembeni yake:
Ugavi.

Mundhir alipata askari wa miguu, akanikumbatia
kwa nguvu za mtu aliyepata na anaona haya.
Nikamwambia hongera. Nilimaanisha nusu.

Nikampigia Mama.
"Ugavi ndiyo nini?"
"Maji, Mama. Unga. Betri. Soksi."
Kimya. Kijiko kikagonga sufuria huko Ibra.
"Baba yako alikuwa na duka Chake Chake," akasema,
"akijua kila kibiriti kina njiti ngapi.
Na hakufa na deni la mtu."
Kisha, kana kwamba nimeuliza:
"Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza.
Nenda ukawakaze wenzio."
Nilitaka kumjibu kuwa kifaru hakina methali.
Nikasema, "Haya, Mama."

Agosti, kusini ya Adam,
mahali ambapo barabara inachoka na kuachia njia.
Arubaini na nane kivulini,
na kivuli chenyewe ni cha lori langu.
Vifaru vilipita asubuhi, kumi na vinne.
Nilivihesabu, ndiyo kazi yangu.
Nikavitazama mpaka vumbi likanifunga macho,
na hata baada ya vumbi.

Saa tisa wakatokea watu wa miguu,
mmoja mmoja, wameinama, hawana sura.
Foleni ikanyooka bila amri.
Wa kumi na tisa alikuwa Mundhir.
Midomo imepasuka kama udongo wa shamba lililokatiwa falaji.
Hakunitaja jina. Alishika bomba kwa mikono miwili,
akanywa, akakohoa, akanywa,
akamwagia kofia yake, akaivaa ikichuruzika,
akarudi kwenye mstari.
Mimi nikaangalia mita.

Usiku nikafungua daftari kwa tochi ya kichwani,
wadudu wakigonga ukurasa kama mvua ya uongo.
Kalamu ilikuwa yangu peke yangu.

Zilizotoka: lita elfu moja mia sita na arubaini.
Zilizorudi: hakuna.
Zilizomwagika:
nikasita hapo, nikikumbuka kikombe cha Sajini.
Nikaandika: hakuna.
Nikatia sahihi.