Tarakimu Nne

Simu iliita nikibangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
"Naongea na Somoe Nampunda, wa Tandahimba?"
Sauti laini, ya kijana aliyelelewa.
Alijua chama changu cha msingi.
Alijua kilo zangu, mia tatu na kumi na mbili,
na kwamba hela ya mnada imeingia juzi.

"Mama, akaunti yako ina hitilafu. Usikate.
Nitajie namba ya siri nikurekebishie,
kabla mfumo haujafunga."

Namba ya siri.
Siku na mwezi wa kumzika Shaweji,
kifungua mimba wangu.
Hata baba yake hajui kwamba naibonyeza
kila ninunuapo umeme, kila nitumapo ada.
Na wewe, mwanangu usiye na sura,
unaitaka kabla chungu hakijachemka?

Nikamwuliza, "Uko wapi?"
"Makao makuu."
Nyuma yake jogoo akawika,
na mtu akadai chenji ya vitumbua.

Nikakata.
Akapiga tena, na tena. Ulaini umemwisha:
"Ikipotea, shauri yako!"
Nikaiacha simu ijitetemekee
juu ya ungo, katikati ya maganda.

Asubuhi nilikwenda mwenyewe kwa wakala.
Ilikuwepo, yote, hadi senti.
Nikapita kwa Fatu Chilumba nimchekeshe,
nikaiga ile sauti: "Mama, usikate..."

Fatu hakucheka.
Alivuta ncha ya kanga hadi mdomoni.
"Mimi," akasema, "nilimtajia."