Tikisa Kabla ya Kunywa

Leo Gombani wamepita mbele ya jukwaa,
mikono imenyooka, viatu vimeng'arishwa hadi vyaona mawingu,
na kipaza sauti kimesema: wimbo huu ni wa asili,
mtunzi wake hajulikani.

Hajulikani na nani?

Mie nilikuwa nikiosha chupa Hospitali ya Wete,
chupa za kwinini, senti tano kwa dazeni,
baba yangu Shaame Khatibu akizisugua kwa mchanga,
na ndani, nyuma ya pazia la kijani,
kompaunda Haripada akiponda dawa.
Mbengali. Kwao Barisal, alisema, mito ni mingi kuliko njia,
mtu huenda kuposa kwa mtumbwi.
Mguu wake wa kushoto ulipungua vidole vitatu.
Watoto wakamwita Kiwete wa Wete,
naye, Kiswahili kilipomkaa, akacheka kuwashinda.

Kinu chake cha shaba kilikuwa na mwendo.
Ti. Ti. Kimya kidogo. Ta.
Wimbo wa vijana wa kwao, wa kutembea safusafu.
Yeye hakuwahi kuutembea:
walimweka kando, eti anaharibu mstari.
Basi akautia mdomoni, akavuka nao bahari,
akautembea peke yake kutoka kabatini hadi dirishani,
na pale mguu ulipochelewa
wimbo ukamngoja.

Baba hakujua Kibengali hata cha kuombea maji.
Alitaka maneno ya kujazia sauti, akatazama alichokishika:
kikaratasi kilichogandishwa kwa uji ubavuni mwa chupa.
Tikisa kabla ya kunywa.
Mizani nane, haikuzidi, haikupungua.
Tukaimba mchana kutwa, chupa zikaitikia,
wagonjwa wa benchi wakagonga magongo,
mama mmoja mwenye homa akatuapiza tukome.

Mwalimu Mbarouk alikuja kuchukua dawa ya jicho.
Jumatatu yake skuli nzima ilikuwa barabarani
ikikwepa majamvi ya karafuu,
kushoto, kulia, kushoto, na kule kuchelewa kidogo.
Tikisa aliifuta. Akatia bendera, akatia damu, akatia mashujaa;
maneno mazuri, sina ugomvi nayo.
Mdundo hakuugusa.
Hakujua kuwa ni mguu wa mtu.

Haripada aliondoka mwaka ule wa kuondoka wengi.
Kinu alimwachia baba.
Wake za wanangu wakitwangia thomu,
hakitoki harufu hata ukikichemsha.

Leo nimewatazama vijana mia tatu,
warefu, wazima, miguu sawasawa,
kila wakikanyaga kushoto wakichelewa kwa pamoja,
na watu kando yangu wakisema, aa, hayo ndiyo madaha yake.

Msichana mmoja kanigeukia:
Bibi, mbona midomo yako yasema vingine?

Nikamwambia nyamaza, mwanangu, wanapita.